Bamba la Theluji kwenye Mchanga wa Ansab

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, bora niseme mapema. Mke wangu husema mlango ukigoma kufunguka mimi huutukana kwanza, ufunguo nautafuta baadaye. Nilikuwa fundi wa mitambo bandarini Matrah kwa miaka mingi, na katika mambo ya chuma sikupata kukubali kufundishwa na mtu, seuze kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa skuli huko Kanada na hajui hata kubadilisha tairi. Hii ni habari ya kipande cha chuma nilichokitengeneza kwa mikono yangu, nikakisifu mpaka majirani wakachoka. Baba keshakufa sasa, kwa hiyo naweza kuisema.

Baba naye alikuwa wa bandarini, kabla yangu. Tulipotoka Unguja tukavuka bahari kuja huku Matrah akapata kazi ya kuhesabu mizigo. Meli inashusha magunia ya mchele, yeye kasimama na ubao wake mkononi, jua la Matrah linamchoma, anahesabu. Wenziwe walikuwa wakimsemesha makusudi ili wampoteze. Anakujibu, anacheka, anauliza habari za watoto wako, na gunia likipita anajua ni la ngapi. Nyumbani Darsait alijua idadi ya vidato vya ngazi, vigae vya ukumbini, hatua za kwendea msikitini.

"Hesabu yangu haijapata kunipotea," akijigamba.

"Isipokuwa ya vikombe vya kahawa," Mama akimjibu kutoka jikoni.

Mama alifariki katikati ya miaka ya tisini. Alikufa asubuhi, tukamzika baada ya Alasiri. Kaka hakuwahi. Hata siku zilizofuata hakuja, kwa sababu karatasi zake huko zilikuwa hazijakamilika, na akitoka harudi. Alilia kwenye simu mpaka Baba akanipa mimi ile simu, akaenda kukaa chooni peke yake.

Makaburi ya huku hayaandikwi majina. Mwanamme huwekewa mawe mawili, mwanamke matatu, basi. Mawe yenyewe ni ya mlimani, meusi, yamefanana kama punje za mtama. Mimi nilitaka tuweke alama, hata tone la rangi, Baba akanikalia juu. "Mama yako hana ukubwa kuliko wenziwe waliolala hapa. Mimi nnamjua alipo." Na kweli alimjua, kwa hatua. Kila Ijumaa asubuhi tukifika langoni anainamisha kichwa, midomo inamchezacheza, anakwenda, anakata kushoto, anakwenda tena, anasimama. Chini ya miguu yake mawe matatu. Idadi hakunambia, nami sikumuuliza. Nilikuwa nafuata nyuma na chupa ya maji.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Ansab. Makaburi yalikuwa nje kidogo ya nyumba, upande wa ile michanga ya Bausher, na kutoka barabara ya lami mpaka langoni palikuwa na njia ya vumbi ambayo gari ilipita vizuri. Kisha ukaja mwaka wa upepo. Mchanga ulihama. Ulianza kuilamba njia, ukaipanda, na ulipokuja msimu wa baridi gari haikuweza tena kupita. Baba akasema atatembea. Magoti yake yalikuwa yameshachoka, na mchanga ule mtu anazama mpaka kwenye kifundo. Ijumaa moja nilikwenda kuegesha gari, nikarudi nikamkuta amekaa kitako katikati ya njia, kofia imemvuka, fimbo iko kule. Nikamkimbilia.

"Usinisemeshe," aliniambia. "Nnahesabu. Nimefika mia na kumi na mbili."

Nilicheka, halafu nikageuza uso kwa sababu machozi yalikuwa yananijia.

Wiki ile ile Kaka akapiga simu. Karatasi zimetoka. Anakuja, miaka saba baada ya Mama kufa. "Sitaki karamu, sitaki kuku wa kupaka," alisema. "Jambo la mwanzo nipelekeni kwa Mama." Baba alikuwa amekaa karibu yangu, akaisikia ile sauti. Akanipokonya simu. "Nitakupeleka mimi mwenyewe, mwanangu. Nitakuonesha mimi." Hapo nikajua kazi yangu: njia lazima isafishwe, gari ifike langoni, Baba ashuke atembee hatua zake chache zilizobaki mpaka kwa mkewe, mwanawe yuko pembeni yake. Manispaa ningeweza kuwaomba, na nadhani wangekuja, lakini wangekuja lini? Na mimi subira sina.

Kaka mwenyewe ndiye aliyenitia wazo. Huko kwake theluji ikianguka usiku, asubuhi hutoki nyumbani. Watu wana zile pikipiki za matairi manne, wanazifunga bamba la chuma mbele, wanasukuma theluji pembeni mpaka ardhi inaonekana. Yeye alikuwa nayo moja, akisafisha kwake na kwa jirani yake mjane. Nikamwambia anitumie picha. Akatuma bahasha nzima: picha za bamba kwa mbele, kwa nyuma, kwa chini, na barua ya kurasa nne yenye michoro. Mwalimu ni mwalimu. Kila kitu amekipa namba.

Pikipiki niliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akizikodisha kwa vijana wa Ijumaa kwenye michanga ya Bausher. Ilikuwa imechoka, kiti kimepasuka, lakini mashine yake nzima. Niliipeleka Darsait, kwa fundi Mhindi wa kuchomea vyuma niliyemjua tangu tunakaa kule. Bamba tulilikata kwenye tangi la maji la zamani, maana tangi lina mviringo wake tayari, na mchanga ukipanda kwenye ule mviringo unajipindua wenyewe kwa mbele. Ukingo wa chini tukauchomea chuma kizito, ili usilike. Mikono miwili ya bomba ikapita chini ya pikipiki na kufungwa kwa bolti kwenye fremu katikati, kwa sababu ukiifunga mbele tu, nguvu yote inakwenda kwenye usukani na utauvunja. Pembeni ya kiti tukaweka mkono mrefu wa kunyanyulia bamba na kulishusha. Nyuma nikafunga magunia mawili ya saruji iliyokwisha kuganda, matairi yapate uzito wa kushika. Upepo nikaupunguza mpaka tairi likabonyea kidogo. Yule fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa kupendezwa. Wallahi lilikuwa bamba zuri.

Yamebaki mambo mawili ya barua ya Kaka, namba sita na namba saba, ambayo hata sasa naweza kukusomea bila kuitazama ile barua.

Namba sita: viatu. Ni vile visahani viwili vya chuma vinavyofungwa chini ya bamba, kila upande kimoja, vinatambaa juu ya ardhi na kulizuia bamba lisiichimbe. "Kama chini si lami, usisukume bila viatu," aliandika. Namba saba: springi. Nyuma ya bamba zinakuwa springi mbili, na zisikazwe sana, ili bamba likigonga kitu kigumu lilale mbele, lipite juu yake, kisha lisimame lenyewe. "Likigonga jiwe lazima lilale," aliandika, na kupigia mstari.

Viatu nilivifunga, nikavijaribu nyuma ya nyumba. Vikazama mchangani, bamba likawa linapanda juu ya mchanga badala ya kuukata. Nikavitukana, nikavifungua, nikavitupa ndani ya ndoo. Springi nazo zilikuwa laini, mchanga ukiwa mwingi bamba linalala kama mtu aliyeshiba. Nikachukua spana nikazikaza mpaka mwisho. Kaka aliponipigia kuuliza nimemalizaje, nikamwambia nimeziua zile springi.

"Yakhe, na likigonga jiwe?"

"Jiwe gani, Kaka? Huku mchanga! Wewe kafundishe watoto."

Alicheka. Alikuwa na furaha, tiketi anayo mkononi.

Alifika Jumatano. Sitasimulia uwanja wa ndege, watu wawili wazima wanalia mbele ya mabegi, na Baba katikati anawapiga kofi za mgongo, kila mmoja kwa zamu. Alhamisi alilala mpaka mchana kwa machofu ya safari, nami nikaenda kumalizia njia, kwa sababu Ijumaa asubuhi ndiyo siku yetu. Nilikuwa nimeshasafisha sehemu kubwa. Mchanga unakatika, unajipindua, unakwenda pembeni, njia inatokea ngumu na safi. Nilikuwa naimba, Mungu anisamehe. Nilipofika langoni nikaona gari haina pa kugeuzia. Upande wa kushoto wa lango mchanga ulikuwa umejaa tuta zima. Nikasema nitausukuma ule, nifanye kiwanja kidogo, Baba asiteremke mbali.

Nilishusha bamba, nikatia gia nzito, nikasukuma. Sauti ikabadilika. Ka-ka-ka, chuma na kitu kigumu, bamba halilali, linakwenda tu, nami nikadhani ni kokoto za njia. Nikaongeza mafuta. Nikafika mwisho, nikarudi kinyumenyume, na pale nilipotoka nikaona kikuta. Kile kikuta kifupi cha mawe kinachozunguka makaburi. Kilikuwa chini ya mchanga, na mimi nilikuwa nimeshakipita. Nilikuwa ndani.

Nilizima mashine. Nilikaa juu ya kile kiti kilichopasuka. Mstari wa mwisho wa makaburi, ule wa upande wa michanga, ule wa Mama, kipande chake kilikuwa kimelala sawa kama sakafu. Mawe yalikuwa mbele, ndani ya lundo la mchanga. Nilichimba kwa mikono. Nikapata mawe kumi. Nikayapanga, nikayatazama, meusi yote, yote sawa. Yapi yake? Nilijua kwamba kaburi lake ni la nne kutoka mwisho wa mstari, lakini mwisho wenyewe nilikuwa nimeshauondoa. Na hao wengine nao walikuwa mama wa watu na baba wa watu. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: mawe kumi ni watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili. Nikapima kwa macho, nikayarudisha. Matatu, niliyosema ndiyo ya Mama, kisha mawili, matatu, mawili. Baina ya hao wawili wa mwanzo pakabaki uwazi wa kutosha mtu mmoja, nikajiambia labda ulikuwepo tangu zamani. Nikausawazisha mchanga kwa viganja. Nilirudi nyumbani nikaoga, nikala, nikamsikiliza Kaka akieleza habari za theluji, nikacheka kila alipocheka.

Asubuhi ya Ijumaa gari ilifika mpaka langoni. "Mashaallah," Baba alisema, "umefanya kazi." Akashuka, akamshika Kaka mkono, akainamisha kichwa, midomo ikaanza kucheza. Nilikuwa nyuma yao na chupa yangu ya maji. Alikwenda, akakata kushoto, akaenda. Akasimama.

Alikuwa amesimama kwenye ule uwazi. Chini ya miguu yake hapana jiwe hata moja. Kushoto kwake, hatua moja tu, yale mawe matatu niliyoyaweka mimi.

Baba hajapata kukosea. Nilijua pale pale kwamba alikuwa amesimama kwake, na kwamba mawe ya mtu wa tano yamebaki chini ya mchanga, na mtu wa tano ni Mama. Alitazama chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kaka alikuwa anamtazama yeye, macho yameshajaa maji, anangoja kuoneshwa. Neno moja lilitosha. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Hapa, Baba," nikasema, nikaonesha yale mawe matatu.

"Hapo?"

"Hapo."

Akasogea ile hatua moja. "Basi hesabu imenipotea," alisema taratibu, akimwambia Kaka kama anaomba radhi. "Nimezeeka, mwanangu." Wakasoma. Kaka alipiga magoti, akalia kilio chake cha miaka saba mbele ya kaburi ambalo mpaka leo sijui ni la nani. Kisha akatoa kamera akapiga picha yale mawe. Picha ile aliitundika kwake Kanada, karibu na mlango, juu ya viatu vyake vya theluji. Kila msimu wa baridi akipiga simu ananiambia, "Nimeshamwamkia Mama, sasa natoka kusukuma." Mimi najibu, haya, Kaka.

Ungedhani mambo yataishia hapo, mwongo anabaki na uongo wake. Lakini Baba hakuwa yule yule tena. Wiki iliyofuata alikataa kuongoza sala nyumbani. "Rakaa zinaweza kunichanganya," alisema, "sala wewe." Mimi, mwenye hasira na matusi! Akaacha kuendesha gari. Wajukuu aliokuwa akiwasomesha juzuu akawarudisha kwa mama zao. Akipanda ngazi anahesabu kwa sauti kama mtoto, na akifika juu ananitazama ili nimthibitishie. "Kumi na nne?" "Kumi na nne, Baba." Ijumaa tukienda hahesabu tena. Ananishika mkono anasema, "Nipeleke wewe, wewe ndiye unayejua." Na mimi nampeleka mbele ya yale mawe matatu, yeye anasoma akiyaelekea, mimi nasoma nikiutazama ule uwazi, machozi yananitoka, na yeye anadhani namlilia Mama.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Kila wiki nilikuwa nasema Ijumaa hii. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nimemlima Mama kwa pikipiki? Na kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo uongo wenyewe ulivyozidi kuwa mkubwa kuliko kosa. Lile bamba nililifungua nikalitupa nyuma ya nyumba, likala kutu. Upepo wa mwaka uliofuata Manispaa wakaja na greda lao, njia ikawa safi kuliko nilivyowahi kuisafisha mimi.

Miaka mitano ilipita hivyo. Baba alipougua ule ugonjwa wa mwisho, Kaka aliwahi safari hii. Alikaa naye wiki tatu, anamlisha, anamgeuza. Siku moja Baba alimwita akamwambia, mimi nikiwa mlangoni, "Nlikuwa najua kuhesabu, mwanangu. Sijui imekwenda wapi." Siku ya pili yake alfajiri akafa. Tukapanga kumzika baada ya Adhuhuri.

Tulitangulia makaburini mimi na Kaka, pamoja na wachimbaji wawili. Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye yale mawe matatu, aliyajua kutokana na picha. Akageuka, uso umemchangamka kidogo katika huzuni yake. "Angalia," alisema, "pana nafasi hapa hapa ubavuni kwa Mama. Kama vile Baba aliwekewa." Akaonesha ule uwazi. Mchimbaji akatema mate viganjani, akainua sururu.

"Hapo pana mtu," nilisema, nikanyoosha mkono kumzuia.

Sururu ikabaki juu. "Mtu gani?" Kaka aliuliza. "Hapana jiwe."

"Pana mtu."

"Nani?"

Nilijaribu kutafuta jina lolote. "Mama," nikasema.

Nikamweleza yote, tumesimama pale juani: viatu ndani ya ndoo, springi, kikuta, mawe kumi. Wachimbaji hawajui Kiswahili, lakini waliweka zana zao chini wakasogea mbali. Nilingoja Kaka anipige. Angenipiga ningeshukuru. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu.

"Siku ile Baba aliposimama hapa?"

"Alikuwa amesimama kwake."

"Kwa hiyo hesabu haikumpotea."

"Haikumpotea."

"Na wewe ukamwacha miaka mitano."

Kaka aliwaonesha wachimbaji nafasi nyingine nyuma ya ule uwazi, baina ya mstari na kikuta, wakaanza kazi. Halafu akainama, akayanyanyua yale mawe matatu moja moja, akayahamishia pale patupu. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaupita. Kwenye lile kaburi la mtu tusiyemjua akatafuta mawe mengine matatu pembeni ya kikuta, akayaweka. Kisha akatoka, akaenda mpaka langoni, akageuka, akainamisha kichwa na kuanza kutembea taratibu kuja tulipo, midomo inacheza.

"Kaka," nilisema alipofika karibu.

"Usinisemeshe," aliniambia. "Nnahesabu."